Gesi haikai ndani ya pipa: barua ya wazi kwa Wizara ya Nishati, TPDC na PURA

Mheshimiwa Waziri wa Nishati, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC), Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli (PURA), na Waheshimiwa wajumbe wa kamati ya Bunge inayosimamia nishati,

Salaam kutoka Kilwa.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika sekondari moja ya wilaya hii. Kila mwaka nikianza na kidato cha tatu nawagawia wanafunzi karatasi nyeupe, nawaambia jambo moja tu: nichoreeni gesi ya kisiwa chetu cha Songo Songo ilivyokaa huko chini. Hawa ni watoto wenye shangazi na wajomba kisiwani, wanaokwenda na kurudi kwa mashua. Karatasi zikirudi, nyingi zina ziwa. Nyingine zina pango. Mwaka jana kijana mmoja wa Somanga, mtoto wa mvuvi, alichora pipa la bluu, lile la lita 200 tunalohifadhia maji, akaliandika ubavuni "57". Nikamuuliza, hamsini na saba nini? Akanijibu, "Trilioni, mwalimu. Zipo, zimesemwa redioni."

Karatasi ile ninayo mpaka leo. Kijana yule hakubuni kitu. Alichora kile ambacho sisi wakubwa tumemwambia. Tumemwambia kuna mali, tukamtajia kiasi, tukanyamaza. Na mali yenye kiasi kinachojulikana, isiyoelezwa imekaaje, mtu yeyote mwenye akili ataiweka ndani ya chombo.

Ombi langu kwenu ni kwamba watu wanaoishi juu ya gesi hii waambiwe kilichopo chini yao kwa ukamilifu, kwa Kiswahili, tarakimu pamoja na maana yake.

Nianze na tarakimu yenyewe. Kiasi mnachokitangaza ni futi za ujazo trilioni 57.54. Ndani yake, trilioni 47.13 ziko kwenye bahari ya kina kirefu, na trilioni 10.41 ni za nchi kavu na maji ya kina kifupi. Yaani katika kila futi kumi, nane na zaidi ziko mahali ambapo mpaka sasa hakuna hata kisima kimoja kinachotoa gesi ya kuuza. Gesi yote iliyowahi kuzungusha mitambo ya Ubungo, kuchoma saruji ya Wazo na kujazwa kwenye mitungi ya bajaji za Dar es Salaam imetoka kwenye ile sehemu ndogo.

Halafu kuna neno moja ambalo kwenye hotuba hudondoka njiani, nalo ni "iliyopo". Trilioni 57.54 ni makadirio ya gesi iliyokuwemo ndani ya mwamba kabla ya kuvunwa. Si gesi itakayotoka. Sehemu yake haitatoka kabisa kwa sababu ya maumbile ya mwamba wenyewe, na sehemu nyingine itatoka tu kama bei na gharama zitaruhusu. Mnalijua hili kuliko mimi. Nyaraka zenu za kitaalamu zinatenganisha gesi iliyopo na gesi inayovunika, kila moja na safu yake. Redioni safu hizo hazipo, na kwenye mikutano ya vijiji hazipo.

Nimewahi kuambiwa kwamba mambo haya ni mazito, wananchi hawatayaelewa. Naomba mnivumilie niwaonyeshe ninavyoyafundisha, kwa vitu vilivyopo Kilwa.

Naanzia kwenye mashamba ya chumvi. Mtoto wa hapa ameona maji ya bahari yakifungiwa kwenye majaruba, jua likawaka, maji yakapotea, chumvi ikabaki imeganda chini. Nawaambia, bahari yetu ilianza hivyo. Afrika ilikuwa imeshikana na Madagaska. Ufa ukafunguka katikati, likawa bonde refu, maji ya bahari yakawa yanaingia na kukauka, yanaingia na kukauka. Chumvi ile haijapotea. Kampuni za mafuta za BP na Shell zilipochimba kisima cha Mandawa miaka ya 1950, kusini mwa hapa tulipo, ziliikuta chini kabisa, tabaka nene, pamoja na udongo mweusi uliojaa mabaki ya viumbe. Kiasi cha miaka milioni 165 iliyopita, katika enzi ya Jura, ufa ukawa bahari kamili na Madagaska ikaanza kuteleza kuelekea kusini, polepole, hadi ilipotulia mahali ilipo leo. Tangu hapo mito imekuwa ikimwaga mchanga na tope kwenye shimo lile bila kupumzika. Wataalamu huliita bonde la mashapo. Mimi nawaambia watoto ni karai kubwa linalojazwa na kuzama kwa wakati mmoja, ndiyo maana halijajaa mpaka leo.

Kisha nakwenda kwenye tanuri la mkaa. Mchoma mkaa yeyote anajua kwamba magogo yakifukiwa udongo na kunyimwa hewa hayawi majivu. Mabaki ya viumbe waliozama kwenye tope lisilo na hewa nayo hayaozi yakaisha. Yanafukiwa, na kila kilometa moja ya kushuka joto linaongezeka kama nyuzi 25 hadi 30. Yakifika kwenye joto la wastani, mwamba ule unatoa mafuta. Yakizidi kushuka, mafuta yenyewe yanavunjika yanakuwa gesi. Gesi ya Songo Songo ni methani kwa takribani asilimia 97, safi na kavu, na hiyo ni dalili ya jiko lililowaka sana. Si kwamba mafuta hayakuwahi kupita. Kule Wingayongo, Rufiji, upo mchanga uliolowa lami ya asili. Kipande chake kiko kwenye droo yangu, na nikikianika juani nusu saa, ofisi nzima ya walimu inanuka kama barabara inayotandazwa.

Baada ya hapo inakuja ndoo, na hapa ndipo pipa la bluu linapovunjika. Mwanafunzi anajaza mchanga mkavu mpaka juu, ananiambia mwalimu imejaa. Nampa jagi la maji. Anamimina, mchanga unameza. Anamimina tena, unameza. Ndoo ya lita kumi iliyojaa mchanga hupokea lita tatu na ushee za maji, kwa sababu katikati ya punje na punje mna nafasi. Gesi inakaa humo. Haina ziwa wala pango. Ipo kwenye vitundu vya mwamba wa mchanga ambao ukiushika ni jiwe gumu. Songo Songo ni mchanga wa mwanzo wa enzi ya Kretasia, uliokaa karibu kilometa mbili chini, na gesi imebanwa humo kiasi kwamba ikifika juu inapanuka zaidi ya mara mia.

Sasa namwambia yule mwanafunzi, haya, nirudishie maji yangu. Anainamisha ndoo, ameziba mdomo wa ndoo kwa kitambaa. Yanatoka kiasi, yanakatika. Mchanga umebaki umelowa. Darasa linakaa kimya, kisha mmoja anasema, "Kumbe mengine hayatoki." Waheshimiwa, hiyo ndiyo tofauti ya gesi iliyopo na gesi inayovunika, na imeelezwa na mtoto wa miaka kumi na sita kwa maneno matatu.

Kinachofuata ni kifuniko, nacho ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Gesi ni nyepesi, inapanda. Bila kitu cha kuizuia ingekuwa imekwisha kutoroka baharini mamilioni ya miaka iliyopita. Songo Songo imezuiwa na tope la bahari lililoganda juu ya mgongo wa mchanga, tope laini lisilopitisha kitu. Na tope la namna hiyo hiyo, dogo wake kwa umri, liko juu ya ardhi hapa kwetu, mbuga nzima. Ndilo linalonasa magari wakati wa masika. Tunalichukua bonge moja, tunaliloweka usiku kucha, asubuhi tunalichuja taratibu kwa soksi ndefu ya nailoni. Kinachobaki ni kijiko cha vumbi. Ukilitazama vumbi lile kwa lenzi ya mkono unaona ni makombe ya viumbe wa baharini, madogo kuliko punje ya sukari, mengine yanang'aa kama kioo kana kwamba kiumbe amekufa jana. Yana miaka milioni 30, 40, na zaidi.

Yamebaki kama kioo kwa sababu tope lile halikuruhusu maji kupita na kuyaharibu. Sifa hiyo moja, ya kukataa kupitisha, ndiyo iliyohifadhi makombe juu na gesi chini. Nikifika hapo sihitaji kusema zaidi.

Kuanzia mwaka 2002 wanasayansi kutoka Uingereza na kwingineko, wakishirikiana na TPDC, walichimba visima vifupi vya utafiti Kilwa na Lindi kwa ajili ya makombe hayo. Tope la karibu na kijiji cha Stakishari lilitumika kukadiria kiasi cha hewa ukaa kilichokuwepo angani yapata miaka milioni 34 iliyopita, barafu ya Antaktika ilipoanza kujijenga, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009 kwenye moja ya majarida makubwa ya sayansi duniani. Tabaka zenyewe zimepewa majina ya kwetu: Nangurukuru, Kivinje, Masoko, Pande. Yupo profesa huko ng'ambo ambaye hajawahi kununua muhogo kwenye stendi ya Nangurukuru, lakini analitamka jina hilo kila siku kazini. Na mama anayeuza muhogo ule hajui kwamba chini ya jiko lake kuna kitu cha kutamkwa.

Majina ni jambo linaloniuma kwa namna ya pekee. Visima vya bahari kuu, vilivyoanza kugundua gesi mwaka 2010, vimeitwa Pweza, Chewa, Chaza, Jodari. Vilipofuata vya Kitalu namba 2, eneo jingine la utafutaji baharini, majina yakatoka kwenye viungo: Zafarani, Lavani, Tangawizi, Giligiliani, Mdalasini. Nani asingefurahi? Lakini ukishavuka jina, kila kitu kinachofuata ni Kiingereza. Kisima kimeitwa Pweza, na mvuvi wa pweza hana pa kusoma kwamba gesi ile iko kwenye mchanga uliotoka bara, uliobebwa na mito kama Rufiji na Ruvuma ya zamani, ukaporomoka kwenye mteremko wa bahari kama maporomoko ya ardhi, ukatulia kwenye mifereji ya sakafu ya bahari na kufunikwa na tope. Hana pa kusoma kwamba baadhi ya visima hivyo vimeanzia kwenye sakafu iliyo zaidi ya kilometa mbili chini ya maji, na kwamba kwa sababu hiyo gharama yake hailingani na ya Songo Songo hata kidogo. Angelijua hilo, asingeshangaa kwa nini mazungumzo ya kiwanda cha kusindika gesi pale Likong'o, Lindi, yamechukua miaka zaidi ya kumi. Angeweza hata kuuliza swali zuri zaidi, kwamba wenzetu wa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, wenye mchanga wa bonde hilo hilo, wamewezaje kusafirisha shehena yao ya kwanza Novemba 2022.

Najua mtasema elimu inatolewa. Nilihudhuria semina moja ya aina hiyo katika ukumbi wa halmashauri, waandaaji sitawataja. Mtaalamu aliyekuja alikuwa kijana mzuri, anaijua kazi yake. Alituonyesha ramani ya rangi nyingi, maandishi yote ya Kiingereza, akapita picha thelathini kwa dakika arobaini. Diwani mmoja mzee, mtu ninayemheshimu, alinyoosha mkono akauliza kama visima vipya vikichimbwa karibu na vya zamani "ziwa" halitapungua upesi. Watu wachache walicheka. Lile lilikuwa swali bora la siku nzima! Ndani yake mlikuwa na jambo la kweli kabisa, kwamba visima viwili kwenye mwamba mmoja hunywa kikombe kimoja. Muda ulikuwa umekwisha, tukaitwa kwenye chai.

Mwaka 2013, Januari na tena Mei, Mtwara iliwaka kwa ajili ya bomba la kwenda Dar es Salaam. Watu walikufa. Sisemi kwamba somo la miamba lingezuia yale; yalikuwa na sababu nyingi, na nyingine zilikuwa za haki. Nasema tu kwamba watu waliambiwa kuhusu bomba kabla ya kuambiwa kuhusu gesi, na mtu anayeamini ana pipa nyuma ya nyumba yake, akiona mrija unaingizwa, atafanya nini?

Nageukia jambo ambalo naona linasahaulika kuliko yote, nalo ni uzee wa kisima. Songo Songo iligunduliwa na kampuni ya Italia, AGIP, mwaka 1974, ikalala miaka thelathini mpaka 2004 ndipo gesi ikaanza kupita kwenye bomba la kilometa 232 hadi Dar es Salaam. Gesi ya Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa 1982 na yenyewe ikasubiri. Miaka ile ya kungoja mwamba haukupoteza kitu. Lakini tangu valvu zifunguliwe, kila siku msukumo wa asili unapungua kidogo, kama mpira wa baiskeli unaotolewa upepo. Ndiyo sababu Songo Songo imelazimika kuwekewa mitambo ya kusaidia kusukuma gesi ambayo zamani ilikuja yenyewe. Hili si kosa la mtu. Ndivyo mwamba ulivyo.

Sasa halmashauri zetu hupata ushuru wa huduma, unaotozwa kwenye mauzo. Kwa fedha hizo tunapanga madarasa, zahanati, vyoo vya shule. Mjumbe wa baraza la madiwani anayepanga bajeti ya miaka mitano anahitaji kujua kisima kinachomlipa kitatoa kiasi gani mwaka wa tano. Anayefikiria pipa la trilioni 57 atapanga kama mtu asiyeishiwa. Nimekaa kwenye vikao ambavyo mtu alisema, kwa nia njema kabisa, kwamba hatuna haja ya kuhangaika na korosho na ufuta sana kwa kuwa gesi ipo ya vizazi. Gesi ipi? Ya Songo Songo inayotulipa, au ile ya bahari kuu ambayo haijatoa hata shilingi ya mauzo?

Kwa hiyo naomba, kwanza, mnapotaja kiasi mtaje na wenzake: iliyopo ni kiasi gani, inayovunika ni kiasi gani, iliyokwisha kuvunwa ni kiasi gani, na iko wapi. Iwe karatasi moja kwa kila eneo la uzalishaji, kila mwaka, kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye ofisi za vijiji na mitaa ya Songo Songo, Somanga, Madimba, Msimbati na Likong'o. Mwaka 2015 Bunge lilitunga Sheria ya Petroli na ile ya Uwazi na Uwajibikaji kwenye uziduaji, yaani uchimbaji wa madini, mafuta na gesi, kwa hiyo sioni kama ninaomba kitu kigeni.

Pamoja na hilo, kaeni na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na walimu mtutengenezee msamiati. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na mtoto anakariri neno la vitundu vya mwamba bila kujua linahusu ndoo ya mchanga. Mimi nimejitungia maneno yangu: mwamba jiko, mwamba ghala, mwamba kifuniko. Mwenzangu wa Lindi ana yake, wa Mtwara ana yake. Mtoto akihama shule anahama na lugha.

La mwisho ni dogo, na ndilo ninalolitamani zaidi. Kisima kikichimbwa, chengachenga za mwamba hupanda juu na tope la kuchimbia, zikaoshwa, zikawekwa kwenye vifuko vyenye maandishi ya kina zilikotoka. Ziko kwenye maghala yenu kutoka visima vya nusu karne. Mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale wa Tendaguru, Lindi, ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, na mnyama mmoja amesimama Berlin, mrefu kuliko ghorofa tatu, wakati mtoto wa Lindi anamwona kwenye simu. Kuyarudisha hayo ni safari ndefu, na si yenu peke yenu. Vifuko vya Songo Songo haviko Berlin. Tunahitaji sanduku moja kwa kila sekondari ya Kilwa, Lindi na Mtwara: kijiko cha mchanga wenye gesi, kijiko cha tope la kifuniko, punje ya chumvi ya Mandawa, na lenzi ya mkono.

Kama usafiri ni tatizo, sanduku la shule yangu nitalifuata mwenyewe, Dar es Salaam au Dodoma, kwa nauli yangu. Kijana wa pipa la bluu yuko kidato cha nne sasa na Novemba anafanya mtihani wa mwisho. Ningependa aushike mchanga wa Songo Songo kiganjani kabla hajaondoka.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Jiografia,
Kilwa